Zamu

Mimi hulima mwani kusini mwa kisiwa cha Sesoko,
nyavu mia mbili, zao likining'inia kama nywele zisizochanwa,
na jirani yangu naye ni mkulima:
samaki wa rangi ya masizi, urefu wa kiganja,
mwenye shamba lisilozidi mkeka
juu ya matumbawe yaliyokufa kwa joto mwaka ule.

Zao lake ni moja tu,
mwani mwekundu, laini kama manyoya ya kifaranga.
Kingine chochote kikichipua huking'oa,
hukibeba mdomoni mpaka mpakani, hukitema.
Mke wangu Tsuruko akimwona hucheka:
"Huyu kupalilia hakumbushwi."

Wala hana subira na wageni.
Kangaja wakija kundi, hamsini kwa mmoja, huwavaa.
Jongoo bahari akijikokota humsukuma kwa kichwa,
na mimi, ninayevuta pumzi kwa mpira kutoka botini,
nimeng'atwa vifundo vya vidole mara nisizohesabu.
Si jino lile. Ni sindano ya cherehani.

Mwezi wa sita, mvua zilipokatika,
alisugua jiwe mpaka likang'aa,
akawa anapanda na kushuka majini kama aliyepagawa.
Majike walikuja alfajiri, mmoja mmoja,
wakapaka mayai jiweni kama rangi ya ukutani,
wakaenda zao. Hakuna aliyegeuka.

Tangu hapo ni baba peke yake.
Hupepea kwa mapezi ili maji mapya yapite.
Yai lililooza hulijua kwa mdomo, hulila;
na siku ya njaa, sitaficha,
hula hata lililo zima.

Ndipo akaja Yonamine, binti wa chuo,
na kibao chake cha kuandikia majini.
Alitaka kujua: baba akiondolewa, mayai yatadumu muda gani?
"Dakika arobaini tu, kisha tunamrudisha."
Wavu niliushika mimi.
Kwa furaha kidogo, nakiri. Vifundo vyangu vilikuwa vinamdai.

Tukamtia katika ndoo yenye matundu.
Dakika ya kwanza, kimya.
Ya pili, samaki mmoja wa mistari alichungulia.
Ya nne walikuwa tisa,
na ukingo wa mayai ukaanza kuliwa
kama watoto wanavyokula mkate, kutoka pembeni,
na ndani ya kila yai lililobaki
macho mawili ya rangi ya fedha
yalikuwa tayari yanatazama.

Sikupanga. Mkono ulikwenda wenyewe.
Nikautandaza juu ya jiwe, bila kugusa,
nikaanza kupepea.
Yonamine akagonga mtungi wake, ko, ko, ko,
akatikisa kichwa: unaniharibia hesabu!
Nikapepea.
Dakika thelathini na sita. Bega likawaka moto.
Ukipepea haraka, mchanga huinuka.
Ukipepea polepole, wale tisa husogea.
Katikati upo mwendo anaoujua yeye;
mimi sikuupata.

Alipofunguliwa hakutazama ndoo wala wavu.
Alinijia moja kwa moja, akaning'ata
kifundo cha pili, palepale pa siku zote,
kisha akashika zamu.

Yalianguliwa siku ya tatu, giza lilipoingia.
Mimi nilikuwa nyumbani, nakunja nyavu.
Yonamine ndiye aliyeona: vumbi lenye macho,
likichukuliwa na mkondo kupita ukingo wa mwamba,
kwenda kukaa majuma kwenye maji ya buluu yasiyo na shamba,
kila siku ikichora mduara mmoja mwembamba
katika kijiwe cha sikio,
hadi wausikie mwamba ukitatarika kama mafuta kikaangoni,
wageuke. Wachache watakaobaki.

Katika daftari lake, mstari wa siku ile ameukata.
Pembeni ameandika: *Jaribio limeharibika. Sababu: mkulima.*
Nimemwomba ukurasa ule.
Amesema atafikiri.